Faida Ina Umri: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Mbeya Anayeuza Vitu Vinavyobadilika Haraka

Ukishuka kwenye bajaji Kabwe asubuhi na kutembea kuelekea Mwanjelwa, utapita fremu nyingi za simu kabla hujalifikia soko lenyewe. Kava zilezile, chaja zilezile, spika zilezile zinazopiga muziki mlangoni. Nimekaa kwenye fremu ya namna hiyo kwa miaka, na somo langu kubwa lilitoka kwenye kava moja yenye kishikio cha kidole kwa nyuma. Upande wetu niliileta mimi wa kwanza. Nilinunua kwa 2,500, nikauza 10,000. Wiki ya tatu jirani wa kulia alikuwa nayo kwa 8,000. Wiki ya sita ilikuwa 5,000 mtaa mzima, na machinga wanaitembeza kwa 4,000. Mwezi wa tatu nilimalizia zilizobaki kwa bei niliyonunulia.

Niliwanunia majirani kwa muda mrefu. Niliona wameniibia. Ilinichukua muda kukubali kwamba hakuna aliyeiba kitu: mteja alitembea na kava yangu mkononi, mtu akamuuliza kainunua wapi, habari ikafika Kariakoo. Faida ile ilizaliwa ikiwa na wiki sita za kuishi. Mimi niliipangia mwaka mzima. Nililipa kodi ya fremu ya pili kwa kuitegemea.

Mwongozo huu ni kwa mwenye fremu, meza au duka dogo katika biashara ambayo bei na bidhaa havitulii: simu na vifaa vyake, uwakala wa fedha, nguo, vipodozi, na hata wanaonunua parachichi Rungwe au viazi Uyole na kusafirisha. Ninachokueleza ni namna ya kuishi katika soko ambalo kila ulichokivumbua kitaigwa, bila kuchoka na bila kukatwa mtaji.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la umri

Mali bila daftari huisha bila habari. Wengi tuna daftari la mauzo na daftari la wadaiwa. Ongeza la tatu. Kwa kila bidhaa au huduma inayokupa faida nzuri, andika tarehe nne: siku ulipoanza kuiuza, siku mtu wa pili alipoanza kuiuza karibu yako, siku ulipolazimika kushusha bei mara ya kwanza, na siku faida ya kipande kimoja ilipofika nusu ya ile uliyoanza nayo. Muda kati ya tarehe ya kwanza na ya nne ndio umri wa faida yako.

Ukishaandika bidhaa tano au sita, utaanza kuliona soko lako kwa macho mengine. Misumari, saruji na bati vina umri wa miaka. Huko ushauri wa wazee wetu unatosha kabisa: chagua eneo zuri, mtunze mteja, vumilia. Kava na protekta vina umri wa wiki. Uwakala wa fedha ni wa kipekee. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, wakala aliyetangulia mtaani alipangiwa foleni, na hali hiyo ilidumu kwa miaka. Kamisheni haikufa kwa siku moja. Iligawanywa polepole, kila wakala mpya alipofungua hatua ishirini kutoka kwa wa kwanza. Kifo cha polepole ndicho kigumu zaidi kukiona, kwa sababu kila mwezi unafanana na uliopita.

Hapa kwetu kuna mtego mmoja unaowakamata hata wazoefu. Fedha ya nyanda za juu kusini inakuja na mavuno. Mahindi, mpunga na kahawa ya Mbozi vikianza kuuzwa katikati ya mwaka, mji unachangamka. Januari kila mzazi anahangaika na sare na madaftari ya shule. Ukilinganisha Julai na Januari utadhani biashara imekufa, kumbe ni msimu. Linganisha Julai na Julai ya mwaka uliopita. Ikiwa mauzo ya Julai hii yamepungua na mashamba yalizaa vizuri, hapo shida si msimu.

Hatua ya pili: jua kifo kitatokea upande gani

Faida hufa kwa njia tatu: jirani ameiga, teknolojia imepita, au sheria imebadilika. Jirani nimeshamzungumzia. Hizo mbili nyingine huitwa bahati mbaya, na mara nyingi si hivyo.

Usiku wa 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Aliyekuwa na kabati limejaa simu hizo aliamka na plastiki tupu. Lakini tangazo lilikuwa limetoka miezi kadhaa nyuma, na mtu yeyote angeweza kubonyeza *#06# na kuhakiki IMEI, namba ya utambulisho ya simu aliyonayo. Mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019. Waziri Mkuu alilitangaza bungeni Aprili. Hiyo ni kama miezi miwili ya kuuza mzigo uliopo bila kuongeza mwingine, na miezi miwili ya kutafuta mifuko mbadala kabla foleni haijawa ndefu. Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Ilikuwa imetajwa kwenye bajeti ya Juni.

Kwa hiyo andika kwenye kalenda yako: kila katikati ya Juni bajeti inasomwa Dodoma, na Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza. Mwezi wa Juni usijaze stoo kwa bidhaa ambayo hujui itaguswa vipi. Subiri usikie, kisha nunua. Wanaolangua mazao mipakani wanahitaji kalenda yao pia. Aprili 2025 Tanzania ilisimamisha kuingiza mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa sababu nchi hizo zilikuwa zimezuia baadhi ya mazao yetu. Zuio liliondolewa baada ya muda mfupi, lakini ndizi na nyanya hazina subira ya siku kumi. Mwenye njia moja tu, ile ya mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, alisimama. Mwenye mnunuzi Kasumulu, mwingine Tunduma na mwingine Dar es Salaam aligeuza gari.

Teknolojia nayo hupiga hodi mapema. Nitaieleza kwenye hatua ya sita, kwa sababu huko iliniumiza mwenyewe.

Hatua ya tatu: ijue sakafu yako kabla vita ya bei haijaanza

Vita ya bei ikianza, watu hushusha kwa hasira. Jirani kaweka 4,000, wewe 3,500, yeye 3,000, na mwisho wa mwezi wote wawili mnamkwepa mwenye fremu. Kaa chini ukiwa umetulia, fanya hesabu hii.

Tuseme kodi ya fremu ni 200,000 kwa mwezi, msaidizi 150,000, umeme, ulinzi, usafi na mengineyo 50,000. Jumla 400,000, na hujala bado. Kama bidhaa yako kuu inakuacha na 5,000 kila kipande, unahitaji kuuza vipande 80 kwa mwezi ili mlango ubaki wazi. Kwa siku 26 za kazi ni kama vitatu kwa siku. Faida ikishuka hadi 2,000, unahitaji 200, yaani karibu vinane kwa siku. Ikifika 1,000, unahitaji 400, zaidi ya kumi na vitano kila siku. Sasa jiulize kwa ukweli: kuna watu kumi na watano wanaoingia kwako kila siku wakitaka kitu hicho kimoja?

Faida ya kipande ambayo hapo jibu linageuka kuwa hapana ndiyo sakafu yako. Iandike ukutani nyuma ya kabati. Bei ya mtaa ikiishusha faida yako karibu na sakafu hiyo, acha kuagiza. Usishindane na machinga kwa bei. Yeye halipi 400,000 hiyo. Akiuza kipande kwa faida ya 500 anarudi nyumbani na chakula. Wewe kwa 500 unahitaji vipande 800.

Kitu pekee kinachoweza kukupa pumzi hapo ni kile ambacho mwingine anahitaji muda kukijenga. Fundi aliye dukani mwako, anayebadilisha kioo mteja akiwa amekaa kwenye benchi. Neno lako kwamba chaja ikifa ndani ya mwezi inarudishwa bila maneno. Floti ya kutosha siku ya mnada au siku ya malipo ya wakulima, wakati wakala wengine wamebandika karatasi ya "hakuna salio". Hivi navyo vitaigwa. Ila ni kwa miezi, si kwa wiki, na miezi hiyo ndiyo unayoihitaji kwa hatua inayofuata.

Hatua ya nne: panda la pili wakati la kwanza linavunwa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote ni za kuilinda hii.

Mkulima wa Uyole anajua kwamba viazi vikitoka ardhini si wakati wa kuanza kutafuta mbegu. Lakini sisi wa dukani, kitu kikiuzika, tunaweka fedha yote kwenye kitu hichohicho. Kikifa, tunaanza kutafuta kingine tukiwa na njaa, na mwenye njaa hachagui. Anza kutafuta faida ya pili siku ileile ya kwanza ilipochanganya, yaani siku unapojisikia umeshinda. Fungu langu ni moja katika kumi: kila shilingi 10 ya faida safi, 1 inatengwa kwa ajili ya kitu kijacho. Haiguswi kwa mzigo wa sasa, haiguswi kwa harusi ya mtu.

Tazama kilichotokea kwenye makabati yetu. Kuna wakati simu mjini hapa ilikuwa Nokia, basi. Aprili 2014 Nokia ilikabidhi biashara yake ya simu kwa Microsoft. Wakati huo huko Shenzhen, China, kampuni ya Transsion iliyoanzishwa mwaka 2006 ilikuwa imeshaiangalia Afrika kwa makini: watu wana laini mbili kwa sababu ya gharama za kupiga mtandao mwingine, umeme unakatika, na kamera zinashindwa kuzionyesha vizuri ngozi nyeusi. Ikaleta simu za laini mbili, betri linalodumu na kamera iliyorekebishwa kwa ajili yetu. Hizo ni Tecno. Wengi hawajui kwamba Itel na Infinix ni za kampuni hiyohiyo. Mteja mwenye kipato kidogo anaikimbia Tecno anakwenda Itel, kijana anayetaka michezo anakwenda Infinix, na fedha inarudi nyumba moja. Wamejiwekea ushindani wenyewe kabla mgeni hajauleta.

Upande mwingine kuna Kodak. Mhandisi wake, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975. Kampuni ilikuwa inaishi kwa filamu za picha, na ikaogopa kuila faida yake kwa mkono wake. Januari 2012 ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Jibu walikuwa nalo kabatini miaka mingi mno kabla ya kulitoa.

Duka lako ni dogo, lakini woga ni uleule. Wakala anayeishi kwa kutoa fedha taslimu hataki kumfundisha mama muuza mchele kutumia lipa namba, kwa sababu muamala huo haupiti mezani kwake. Atafundishwa na mwingine. Afadhali umfundishe wewe, umsaidie kuisajili, umuuzie kibandiko na kishikio chake, umtengenezee simu anayopokelea ujumbe. Utapoteza kamisheni ndogo ambayo ungeipoteza kwa vyovyote, na utabaki na mama huyo.

Faida ya pili itafutwe wapi? Mimi huitafuta kwa kuandika maswali ambayo wateja huuliza na mimi sina. "Mna zile chaja za bodaboda?" "Mnatengeneza na redio ya sola?" Swali likirudi mara tatu ndani ya wiki mbili kutoka kwa watu wasiojuana, nalipeleka hatua ya tano.

Hatua ya tano: jaribu kwa kipimo cha mkono

Usiagize katoni. Agiza vipande ishirini, hata kama bei ya jumla inakuuma. Ile tofauti ya bei ni ada ya kujua. Omba mali kauli ikiwa muuzaji anakuamini: chukua, uza, lipa, rudisha kilichobaki. Kabla hujaanza andika mambo mawili: nitajaribu hadi tarehe fulani, na sitapoteza zaidi ya kiasi fulani. Kiasi hicho kiwe kile ambacho kikipotea hakigusi kodi ya fremu wala ada ya mtoto. Majaribio manne kati ya matano yatakufa. Ukilijua hilo tangu mwanzo, halitakuvunja moyo.

Na tafadhali, usijaribu kwa mkopo wa kausha damu. Mkopo unaolipwa kila wiki kwa riba ile unahitaji bidhaa ya uhakika, na jaribio kwa asili yake halina uhakika. Nimeona wanawake hodari wa Sido na Mafiati wakipoteza makabati na majokofu kwa sababu hiyo. Wengi hawakushindwa kuuza. Marejesho yaliwahi kuliko mauzo.

Hatua ya sita: mtaji uwe mwepesi

Wakati mmoja muuzaji wa jumla wa Kariakoo alinipigia. "Kaka, nina chaja hapa, chukua zote, nakufanyia bei ya undugu." Bei ilikuwa chini ya nusu ya kawaida. Zilikuwa zile za pini ya zamani, USB ndogo. Nilishukuru Mungu, nikatuma fedha, mzigo ukapanda basi la usiku, kesho yake nikashusha katoni stendi.

Yeye alijua kitu ambacho mimi sikukijua. Simu mpya zilikuwa zinahamia taipu-C. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshapitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C kuanzia 28 Desemba 2024, na hata iPhone ilihamia huko Septemba 2023. Sheria ya Ulaya haituhusu Mwanjelwa, lakini kiwanda hakitengenezi tundu moja kwa ajili yao na jingine kwa ajili yetu. Ndani ya miezi michache mteja akiingia, akiiangalia pini, anatoka. Mzigo ukadoda.

Tangu hapo nina swali ambalo silikosi. Bei ya jumla ikishuka ghafla, nauliza: huyu anajua nini? Nampigia muuzaji mwingine, simwambii nimepewa bei gani, namuuliza tu kama anacho na anakiagiza tena. Akisema "hicho siagizi tena," nimepata jibu.

Sehemu ya mzigo ule niliiokoa. Nilipeleka chaja kwenye magulio ya Mbarali na Chunya, ambako simu za kiswaswadu bado zilikuwa nyingi na pini ya zamani ndiyo iliyotakiwa. Ziliisha polepole, kwa faida ndogo. Hapo nikajifunza kwamba umri wa faida hauko sawa kila mahali: kilichokufa mjini kinaweza kuwa na mwaka mmoja wa kuishi vijijini. Kwa hiyo jenga urafiki na wafanyabiashara wa magulio kabla hujawahitaji. Mzigo ukianza kulegea kwako, wauzie kwa bei ya kununulia, mara moja, wakati bado wana faida ya kupata. Fedha iliyorudi mkononi mwezi huu ni bora kuliko faida ya 500 utakayoisubiri mpaka Pasaka.

Wepesi ni pamoja na fremu. Kulipa kodi ya mwaka kwa mkupuo na kilemba (ile fedha ya kuachiwa fremu) juu yake ni kuufunga mtaji ukutani. Jitahidi miezi sita, hata ukiongezwa kidogo. Usipake duka zima rangi ya mtandao mmoja kwa gharama yako: Tigo ilipogeuka kuwa Yas mwaka 2024, mbao na kuta za rangi ya zamani ziliachwa zikieleza jina ambalo halipo. Na gawa mzigo sehemu mbili, usiwe wote chini ya bati moja. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, la Sido likaungua mwaka 2011 na tena 2017. Aliyekuwa na nusu ya mzigo nyumbani alianza upya akiwa na nusu.

Hatua ya saba: andika masharti ya kuondoka ukiwa bado unafurahi

Kuacha bidhaa iliyokujengea nyumba ni kugumu. Unaona inakudai shukrani. Mwaka 1985 kampuni ya Intel ya Marekani, iliyojijengea jina kwa kutengeneza chipu za kumbukumbu, ilikuwa inabanwa vibaya na Wajapani kwenye bei. Andy Grove alimuuliza mwenzake Gordon Moore: tukifukuzwa leo, akaletwa mkuu mpya, atafanya nini? Moore akajibu kwamba ataachana na chipu za kumbukumbu. Wakaamua wafanye wenyewe kile ambacho mgeni angefanya, wakahamia kwenye chipu za kuendeshea kompyuta, na huko ndiko walikopata ukubwa wao.

Fanya hivyo kila miezi mitatu. Funga duka Jumapili jioni, toka nje, simama ng'ambo ya barabara dakika kumi, ulitazame. Kisha rudi kama mtu aliyelinunua leo na hana historia nalo. Je, kabati lile la kushoto ungelinunua? Meza ile ya vocha za kukwangua? Chochote ambacho mnunuzi mpya asingekitaka, kipe tarehe ya mwisho.

Masharti yawe ya namba, yaandikwe mapema: "Faida ikishuka chini ya 1,500 kwa miezi miwili mfululizo, siagizi tena." Ukiyaandika baada ya bei kuanguka, utajadiliana na nafsi yako na utashindwa. Ondoka wakati wa mavuno, wakati wanunuzi wana fedha, si Februari.

Hatua ya nane: msaidizi wako atafungua duka, jiandae naye

Jambo hili huwaumiza watu kuliko mashindano mengine yote. Kijana umemtoa kijijini, umemfundisha, anawajua wauzaji wako wa Kariakoo kwa namba za simu, anajua bei unayonunulia. Siku moja anakuambia, "Bosi, nimepata fremu." Tatu kutoka kwako.

Unaweza kumzuia kwa mwezi mmoja. Huwezi kumzuia kwa mwaka. Mimi wa kwanza tuligombana, na tukashushiana bei mpaka wote tukaumia. Wa pili nilimwambia siku anaanza kazi: ukikaa nami miaka miwili kwa uaminifu, nitakupa mali kauli ya kuanzia, na tutagawana mitaa. Alikwenda Mbalizi. Leo tunaagiza mzigo pamoja, tunapata bei ya jumla ambayo hakuna kati yetu angeipata peke yake, na kitu kikianza kuuzika kwake, nakijua siku hiyohiyo.

Habari ndiyo inayompa mtu mwendo. Kondakta wa basi la Dar, dereva wa lori anayelala Tunduma, fundi wa nguo anayejua wasichana wanaomba mshono gani, dalali wa parachichi Tukuyu: hawa huona mabadiliko wiki kadhaa kabla yako. Wanunulie chai, wasikilize. Na wewe uwape habari ya kweli unapokuwa nayo, maana mtu akigundua unachota tu, kisima kinakauka.

Kisichobadilishwa

Katika kukimbia kote huku, usiguse kipimo, neno na jina lako. Mchele wa Kyela unauzwa kila kona ya nchi, na mwingi kati ya unaoitwa hivyo haujawahi kuiona Kyela. Nawajua wachache sokoni ambao gunia lao likisema Kyela, ni Kyela, na halijachanganywa. Bei yao iko juu ya jirani na wateja wanawapigia kutoka Dodoma. Katika daftari langu la umri, tarehe ya nne kwao bado iko wazi. Tarehe ya kwanza ina miaka mingi.

Kwa wiki ya kwanza, fanya haya matatu tu. Jumatatu, andika bidhaa zako tano zinazokupa faida kubwa na tarehe zake nne, hata kwa kukumbuka. Jumatano, piga hesabu ya sakafu na uibandike nyuma ya kabati. Jumamosi baada ya kufunga, hesabu faida safi ya wiki, toa moja katika kumi, iweke kwenye laini ambayo kadi yake haikai dukani.